Chungu cha Mjane

Mdogo wangu alikuwa ameniambia waziwazi: akipatikana mtu mmoja tu wa Goma wa kumaliza chumba cha kwanza cha mchezo wetu bila kusaidiwa, atabaki. Asipopatikana, anakwenda Kampala, ambako rafiki zake walikuwa wamemtafutia kazi.

Mchezo huo wa kompyuta tuliutengeneza pamoja, yeye akiandika programu, mimi hadithi. Ulimhusu mjane anayetafuta, kwa njia za alkemia, kugeuza mawe ya volkano kuwa udongo wa kupandia mboga. Kila chumba kina fumbo. Ukilifumbua, mlango unafunguka na hadithi inasonga. Nilisoma falsafa chuo kikuu, na miaka yote nilingoja mtu aniulize habari za alkemia. Hakuna aliyeuliza, ikabidi nitunge mchezo.

Fumbo la kwanza lilikuwa jepesi, kwa maoni yangu. Kuna chungu kimejaa maji. Yamwage, weka chungu kitupu motoni, tia jiwe ndani. Jiwe likipasuka, umeshinda.

Tulianza na jirani yetu, muuza vitenge wa Birere. Akamfanya mjane ainue chungu, akazunguka nacho chumba kizima.

"Mama, unatafuta nini?" mdogo wangu akamwuliza.

"Bido," akajibu, yaani dumu la maji. "Niweke hii mayi."

"Hakuna bido mule."

"Nyumba gani haina bido?" Akacheka. "Njo maana bwana yake alikufa!"

Fundi wa pikipiki alijaribu kumwogesha mjane. Mwanafunzi wa uuguzi alichemsha yale maji ili yanyweke. Sisi tulisimama nyuma yao, mikono mfukoni, tumejikataza kusema neno.

"Yaya, tuweke bido," mdogo wangu akasema mwishowe; yaya kwetu ni kaka mkubwa.

Tukaliweka. Muuza vitenge akarudi, akalijaza vizuri, kisha akakataa kulitua. Mwenye dumu mkononi hawezi kuokota jiwe.

"Tua, Mama," mdogo wangu akamwambia, ameshindwa kujizuia.

"Niache hapa, waibe?"

"Nani? Uko peke yako!"

"Njo vile wanasemaka."

Asubuhi ya mwisho, begi la mdogo wangu likiwa tayari mlangoni, nilimwomba mke wangu ajaribu. Hakugusa kitu. Alitazama tu.

"Hii mayi inatoka wapi?"

"Ziwani," nikasema.

"Nani aliyichota?"

Hilo sikuwa nimeliandika. "Mjane mwenyewe."

"Toka ziwani mpaka huku juu? Na wewe unataka ayimwange." Akafunika kompyuta taratibu, kama anayefunika sufuria. "Papa, enda usindikize mdogo wako."

Nilimsindikiza. Njia nzima nilitafuta sentensi ya kumzuia, mimi mtu wa sentensi, nikaishia kumsifia viatu.

Baada ya majuma machache alinipigia simu. Mwenzake wa kazini alikuwa amecheza, akamaliza chumba cha kwanza kabla chai yake haijapoa.

"Alifanyaje?"

"Aliyimwanga tu, yaya. Hata hakuangalia inaangukia wapi."

Nikamwuliza, kwa sauti ya msibani, kama huko bomba linatoa maji.

"Kila siku," akasema. Nikasikia aibu katika sauti yake, na nyuma yake mtu akiosha vikombe, maji yakiendelea kutiririka.