Mayai Kwenye Nyasi za Dympna

Bibi Dympna Tuohy kazaliwa kijijini Kilcorran, kaolewa Kilcorran, kafiwa na mume Kilcorran, na miaka yote hiyo hajawahi kumwamini mtu mia kwa mia. Hata padre anamwangalia mara mbili. Basi juzi juzi anageuza nyasi zake zikauke, si akakuta mayai yamefichwa chini?

Akapiga ishara ya msalaba. Kwao hata mtoto anajua: mtu akitaka baraka ya shamba lako, anakufichia mayai kwenye nyasi. Yakiozea humo, ng'ombe wako wanakauka maziwa, wa kwake wanafurika.

"Ni huyu jirani, Festy," akamnong'oneza wifi yake, Concepta. "Kila jioni kaegemea ukuta wangu. Anaangalia nini?"

"Labda anakuangalia wewe."

"Wifi, nyamaza."

Mayai akayachoma mpaka yakawa majivu. Ila sasa, Kilcorran nyasi huvunwa kwa kusaidiana, leo kwako kesho kwa mwenzio, na mashine ya kufunga marobota anayo Festy peke yake. Siku ikafika, majirani wamejaa, wingu jeusi linapanda kutoka baharini, na Dympna kasimama getini kama komeo.

"Bibi, mvua hiyo," Festy akasema juu ya trekta.

"Naiona."

"Sasa nirudi, au?"

"Kwanza unywe chai."

Watu wakatazamana. Chai, na wingu lile? Kumbe birika zima Dympna kalijaza maji ya baraka ya kanisani, yale yanayotiwa chumvi. Mwenye hila yangemkaba koo palepale. Akakaa mbele yake, macho kwenye koo la Festy. Festy akamaliza kikombe, akaomba kingine.

"Ina chumvi kidogo, lakini nzuri. Halafu bibi, hujamwona kuku wangu mwekundu? Siku hizi anatagia huko kwako, kila jioni naegemea ukuta namwita mpaka sauti inakauka."

Concepta akakohoa kikohozi kirefu. Dympna akatazama majivu jikoni.

"Kuku sijamwona," akasema, na hapo hakudanganya. "Haya, ingiza trekta."

Robota la mwisho likaingia ghalani mvua ikianza kudondoka. Festy akakatiwa kipande cha keki ya zabibu kikubwa kuliko anachokatiwaga padre.

Alipoondoka, Dympna akabeba maji yaliyobaki kwenye birika, akaenda kuyanyunyiza ukutani.

"Si ulisikia ni kuku?" Concepta akamuuliza.

"Nilisikia. Na njia ya kwangu, huyo kuku alionyeshwa na nani?"