Munyiva na Terasi za Mua

Mpe Munyiva kitu chochote, hata kikombe cha chai, kwanza atakigeuza aone chini. Usimlaumu. Alizaliwa Wamunyu, kwa Mwanzia mchonga vinyago, na huko fundi hatii tezo kwenye gogo kabla ya kuligeuza pande zote, ufa uliojificha usije ukamharibia twiga akiwa ameshafika shingoni. Munyiva mwenyewe alichonga hivyo hadi akawa mtu mzima.

Sasa alikuwa anajifunza urubani kwa ndege ya viti viwili, kwenye uwanja mdogo wa vumbi katika malisho ya ng'ombe ng'ambo ya Kyumbi. Kilichompeleka huko ni udadisi tu. Alipokuwa mtoto akichimba terasi na mama yake kwa wajomba zake, vilimani Mua, aliuliza: ngazi zote hizi za udongo, ukiwa juu, zinafanya umbo gani? Mama alimwambia achimbe.

Basi kila walipokaribia Mua, Munyiva alilaza bawa ili achungulie. Pua ya ndege ikainama, kimo kikapungua, na mwalimu wake, Kapteni Kibe, akanyakua usukani.

"Wewe Munyiva! Unaendesha ndege ama unachonga?"

"Nilikuwa naangalia kidogo tu, Kapteni."

"Hiyo kidogo ndio inaua watu. Hii si gogo ati unageuza uone chini. Ukirudia, hakuna kuruka peke yako. Tunaanza mwanzo kabisa."

Maneno hayo yalimchoma. Kuruka peke yake ndiyo siku aliyokuwa akiisubiri kuliko zote, na shingo yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikimponza.

Asubuhi moja, baada ya kutua vizuri, Kibe alifungua mlango akashuka na redio yake.

"Zunguka mara moja, halafu uniletee ndege yangu."

Ndege, bila uzito wa Kibe, ambao si haba, ilipaa upesi kuliko alivyozoea. Munyiva alicheka peke yake kwa woga. Akakata kona ya kushoto, bawa likainama kama inavyopasa, na pembeni mwa jicho Mua ikajitokeza yote, imeoga jua. Shingo ikamwasha. Akaikaza. Upeo wa macho, kimo, uwanja. Upeo, kimo, uwanja. Hakutazama kingine mpaka magurudumu yalipogusa vumbi, yakadunda kidogo, yakatulia.

Kibe alimpa mkono, meno yote nje. "Haya, umeona nini huko juu?"

Munyiva alifungua mdomo, machozi yakamtangulia. "Sijaona kitu, Kapteni. Zilikuwa hapo tu chini ya bawa, na sikuangalia."

"Nini hizo?"

"Terasi za mamangu."

Kibe alimtazama, akavitazama vilima. Kisha akapanda ndege, akafunga mkanda.

"Ingia. Saa hii naendesha mimi. Wewe angalia mpaka ushibe."

Juu ya Mua akalaza bawa polepole. Terasi zilikizunguka kilima, duara ndani ya duara hadi kileleni, sawasawa na gogo likikatwa katikati. Munyiva alibandika paji la uso kwenye kioo, akazifuata kwa macho moja baada ya nyingine.

"Kapteni," akasema hatimaye, "zunguka ile side ingine. Huko sijaona."