Nyumba za Mlango Mmoja

Nilisikia kikohozi kwanza. Mara mbili, kwa ufupi, kisha kimya. Ilikuwa juzi tu, nikitoka Ngana kuteremka ziwani, na migomba ilikuwa imesongamana kiasi kwamba sikuona mtu. Mbele yangu alitembea mwanamke kijana mwenye kapu la mpunga kichwani. Aliposikia kikohozi kile alitoka njiani, akaingia migombani, akachutama na kujifunika uso kwa upande wa nguo yake. Mzee mmoja akatokea, akapita, hakutazama kushoto wala kulia. Alipokwisha kupotea, mwanamke akarudi njiani, akaliweka kapu sawa na kuendelea na safari yake bila aibu yoyote. Mimi ndiye niliyebaki nimesimama pale, rafiki yangu, machozi yananitoka kwa ajili ya mzee nisiyemjua.

Kwetu mkamwana haonani na baba mkwe wake. Halitaji jina lake, hali naye, hakai mahali ambapo macho yao yanaweza kukutana. Kwa Kinyakyusa tunasema kutila, yaani kuogopa, lakini si kama mtu anavyomwogopa chui. Mama yangu aliolewa Busale akiwa msichana, na mpaka mimi napata akili alikuwa hajawahi kuuona uso wa babu. Alikijua kikohozi chake. Alizijua nyayo zake kwenye vumbi, akazikwepa asizikanyage. Alijua kwamba mzee anapenda ndizi zilizoiva hadi zikalainika, zenye maharage mengi na chumvi kidogo, kwa sababu yeye ndiye aliyempikia na mimi ndiye niliyembebea.

Babu aliishi katika kijiji cha wazee wa rika lake, ng'ambo ya kijito. Baba aliishi na wenzake wa rika lake upande huu. Ndivyo vijiji vyetu vilivyopangwa, wazazi kwao na wana kwao, na katikati migomba. Utotoni nilidhani nafasi ile iliachwa kwa ajili ya migomba. Sasa najua iliachwa kwa ajili ya mama.

Nyumba yetu ya mianzi ilikuwa na milango miwili, wa mbele na wa migombani. Jioni babu alipokuja kumtembelea mwanawe alikohoa akiwa mbali, mama akatoka kwa mlango wa nyuma, na kila mtu akawa na raha yake. Babu alikaa karibu na ng'ombe aliyefungwa ndani, akanyweshwa maziwa ya mgando, kisha akaanza kuongea na ng'ombe yule kwa sauti ya kufika nje.

"Wewe ng'ombe," alisema, "leo umekula ndizi kama nilizokula mimi? Hukula. Basi pole sana."

Kutoka migombani tulisikia kicheko cha mama kilichobanwa na kiganja. Ndivyo watu wale wawili walivyozungumza miaka yote, na sijawahi kuona tena watu walioelewana vile.

Kisha tukahamia Mistarini.

Hilo si jina la kwenye ramani. Ni sisi tulioliita hivyo, kwa sababu nyumba zote zilijengwa kwa mstari. Wajerumani walikuwa na gati na maghala pale Mwaya, na walitaka watu wa kupakua mizigo ya meli. Lakini pwani ile hufurika wakati wa masika, kwa hiyo wapakuzi wakajengewa bara kidogo, kwenye mwinuko, kando ya barabara iendayo bomani. Baba alikwenda kwa sababu ya kodi, kama walivyokwenda wengine. Alfajiri kipande cha chuma kiligongwa, na wanaume wakateremka ziwani wakiwa kundi moja refu. Jioni walipanda tena wakiwa kundi lilelile, bila nyimbo, migongo imechubuka. Kila nikienda kuteka maji nilikuta mstari mpya umeanza kujengwa na migomba mingine imelazwa chini, bado inavuja utomvu. Hapakuwa na ua wa kufagia. Hapakuwa na kivuli. Usipa tuliopikiwa, dagaa wa ziwani, ulinuka gunia, na moshi wa kuni mbichi ulijaa kati ya nyumba mpaka kila mtu, mkubwa kwa mdogo, akawa anakohoa.

Na kila nyumba ilikuwa na mlango mmoja. Mlango wa mbao, wenye bawaba za chuma, unaotazama mlango wa nyumba ya mbele. Baba alijivunia ule wake. Aliufungua na kuufunga mbele ya wageni wasikie ulivyo mzito.

Tungeweza kuvumilia, labda. Lakini barabara ya bomani ilipanuliwa, ikapita katikati ya migomba ya babu, na babu akaambiwa ahamie Mistarini akashone magunia ghalani. Mnyapara aliyegawa nyumba alikuwa mtu wa pwani ya mashariki, si mbaya kwa moyo. Aliposikia kwamba mzee ana mwana mlemle, akampa nyumba inayotazamana na yetu. Alidhani ametufanyia hisani.

Baba alimwendea nami nikiwa nyuma yake.

"Bwana mnyapara, baba yangu hawezi kukaa mbele ya mlango wa mke wangu."

"Kwani wamegombana?"

"Hawajawahi kuonana."

"Miaka yote hiyo?"

"Ndiyo heshima yenyewe, bwana."

Mnyapara aliwageukia watu waliokuwa karibu. "Jamani, mnamsikia huyu? Mimi mkwe wangu ananiona kila siku, na heshima sijaipata bado." Wakacheka. Kisha akasema, "Nenda kafanye kazi, mzee ni wako, furahi."

"Basi niruhusu nitoboe mlango wa nyuma."

Hapo mnyapara hakucheka. "Mlango wa nyuma ni wa watoro," alisema. "Chuma kikigongwa nataka kumwona kila mtu anatokea mbele. Ukitoboa ukuta, utakaa nje ya ukuta huo."

Tangu siku hiyo mama akafungwa. Hakuna neno jingine. Alfajiri alisubiri wanaume wote wapite ndipo atoke, na kwa kuwa babu alikuwa mzee na alitembea wa mwisho, mama alitoka jua likiwa limeshapanda, maji ya kisimani yameshavurugwa. Mchana hakuwa na uhakika, maana magunia yakiisha babu alirudi wakati wowote. Jirani yetu, mfinyanzi wa Kikisi aliyemfuata mumewe kutoka pwani ya ziwa na kukosa udongo wa kufinyangia, aliketi nje akimtania.

"Dada, toka. Aliyekohoa ni mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Wa mnyapara. Au naye ni mkwe wako?"

Mama alicheka mwanzoni. Lakini watoto wa Mistarini walikuwa wamegundua mchezo. Walijifunza kikohozi cha babu, mara mbili kwa ufupi na kimya, wakaja kukohoa mlangoni petu ili wamwone mama akitupa alichoshika na kukimbilia ndani. Alimwaga maji. Alimwaga unga. Siku moja aliangusha chungu alicholetewa na mama yake kutoka kwao, kikavunjika, na watoto wakapiga vigelegele. Wazazi wao walitazama kama watu wanaotazama ngoma. Kule Busale mtoto wa namna hiyo angenyimwa chakula na kijiji kizima. Mistarini hakuna aliyekuwa mtoto wa mwingine.

Ile jioni mama alikuwa akisonga ugali. Kikohozi kikasikika nje. Mara mbili, kimya. Mama hakutikisika. Kikasikika tena, karibu zaidi. Akauchomoa mwiko chunguni, unga ukining'inia.

"Leo watanitambua," alisema.

Aliuvuta mlango, akatoka mbio, mwiko umeinuliwa juu, na mbele yake akasimama babu.

Babu alikuwa ameshika kikapu cha usipa alichotaka kutuachia mlangoni. Sijui walitazamana kwa muda gani. Mimi niliona tu kwamba mama hakushusha mkono, kama vile mkono ule ulikuwa wa mtu mwingine. Nyuma ya babu kundi zima la wapakuzi lilikuwa likipanda kutoka ziwani, na kicheko kikaanza kwa mtu mmoja kikaenda mstari hata mstari. "Mkamwana anampiga mkwewe!" mmoja alipaza sauti. Ni yule mfinyanzi wa Kikisi aliyeinuka, akafungua kitenge chake cha juu na kukitandaza katikati yao kama pazia, akiwatukana wanaume kwa Kikisi, lugha ambayo wengi hawakuijua, na ikawa afadhali.

Babu aligeuka, akaweka paji la uso kwenye ukuta wa nyumba yetu. Hapakuwa na ng'ombe pale, kwa hiyo aliuambia ukuta.

"Wewe ukuta," alisema, "ndizi za jana zilikuwa nzuri. Ndaga fijo."

Asante sana, alisema. Kisha akaenda nyumbani kwake, hatua chache tu, na wote tukaziona.

Kesho yake mama alifunga mzigo. Alimwambia baba kwamba anarudi kwa wazazi wake pamoja nami, kwamba hana ugomvi naye, ila hawezi kuishi mahali ambapo mtu hawezi kumheshimu mtu. Baba alikaa kizingitini. Alijua akimfuata mkewe kodi itamfuata yeye, na akibaki atabaki na mlango wake. Mzigo ulikuwa tayari katikati ya nyumba, mkeka umezungushwa na kamba ya mgomba, niliposikia babu ananiita.

"Mke wangu," alisema, kama alivyoniita siku zote mimi mjukuu wake wa kike, "nenda kamwambie mpishi wangu afungue mzigo. Mwenye safari ni mimi."

Baba alimkimbilia. "Baba, utakwenda wapi? Migomba yako ni barabara sasa."

"Ninakwenda kwa wavuvi. Ninakwenda mahali nikikohoa mtu anajua ni mimi."

Alikaa na wavuvi wa Kikisi mpaka akafa, na habari za kifo chake tulizipata kwa wauza vyungu, wiki nyingi zimepita. Baadaye vita vikaja, Wajerumani wakaondoka, gati likaoza. Leo ukipita Mistarini utaona matuta ya kuta zilizoanguka yaliyopangwa kwa mstari na majani marefu, na mbuzi wakila humo. Watu husema nisiwe mkali. Hukupata nguo ya kwanza kule? Hukuonja chumvi nyeupe? Hukujifunza herufi kwa mwalimu wa misheni, hizi unazoandikia? Kweli, nilipata vyote hivyo. Nimevipima mara nyingi, nikiwa mwaminifu kadiri ninavyoweza, na kila mara upande wa pili anasimama mzee amegeukia ukuta. Sikusikitika nilipoona majani yameota pale. Ninachosikitikia ni ile nafasi ya migomba kati ya kijiji na kijiji, ambayo sasa kila mtu anaiona kama ardhi iliyokaa bure.

Siku aliyoondoka babu ilikuwa Jumapili, wanaume wote wako majumbani. Alipita katikati ya Mistarini na kigunia chake begani. Mbele ya nyumba yetu akasimama, akakohoa. Mara mbili, kimya. Hakuna mtoto aliyemwigiza.

Mama alikuwa ndani, amesimama nyuma ya mlango uliokuwa wazi nusu, macho chini, mkono juu ya mbao. Angeweza kuchungulia. Uso wa mzee alikuwa ameshauona, hapakuwa na kilichobaki kuharibika.

"Amepita?" aliniuliza.

"Anapita."

Akangoja. Nyayo zilipoanza kusikika zikiteremka kuelekea ziwani, akausukuma ule mlango mzito taratibu, kwa mikono miwili, mpaka ukagonga mwimo, kwa nguvu ya kutosha ili mzee asikie kwamba umefungwa.