Kinyaa cha Victoria na Simfonia ya Warusi

Victoria ana kinyaa, na watu wa Mtaa wa Mkunguni wanalijua hilo kabla ya kulijua jina lake. Anauza vifungo, zipu na nyuzi, na kila asubuhi kabla ya kufungua duka anaifuta meza kwa spiriti. Chai ya mgahawani hanywi, kwa sababu vikombe vinasuuzwa kwenye ndoo moja tangu alfajiri mpaka jioni. Akipewa mkono na mtu aliyetoka kula dagaa, anatafuta kisingizio cha kushika rula. Majirani humcheka, yeye hajali. Mji huu ni mchafu, husema, na anayeuona msafi amezoea tu.

Kwa hiyo mvua zilipoleta maji ndani ya nyumba yao kule mtaa wa Jangwani, haikuwa ajabu kwamba alitupa karibu kila kitu. Maji yale yalikuja na vinyesi, na mizoga ya panya, na harufu ambayo mpaka leo akiikumbuka anatema mate. Magodoro alitupa, mazulia alitupa, gramafoni iliyojaa tope alitupa. Kisha akakuta sanduku la santuri za mumewe. Makasha yake yalikuwa yamevimba na yanateleza kwa ute mweusi. Mumewe, Elimringi, alikuwa ametoka kutafuta chumba cha kuhamia. Victoria hakumsubiri. Alizitia santuri kwenye kiroba, akampa mtu wa mkokoteni wa taka, akanawa mikono mpaka ikamwasha.

Elimringi aliporudi akauliza santuri ziko wapi, akaambiwa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba santuri haziozi. Zinaoshwa kwa maji na sabuni kama sahani. Wakahamia mtaa wa Gerezani, vyumba viwili ghorofani, na tangu hapo akawa anaishi na mkewe kama mpangaji mwenye adabu. Akisalimiwa anaitikia, akipewa chakula anashukuru, akiulizwa anajibu kwa neno moja. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akirudi kutoka karakana ya reli na visa vya kumchekesha mkewe mpaka wali unaungua. Ukimya ule ulimtesa Victoria kuliko tope lote la Jangwani. Alitaka kitu kimoja tu, mumewe azungumze naye tena.

Santuri zile zilikuwa za Warusi. Elimringi alizinunua ujanani, alipopelekwa kusomea reli huko Urusi, na aliyoipenda kuliko zote ilikuwa simfonia ya sita ya Chaikovski, muziki mrefu wa ala tupu bila waimbaji. Kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akiiweka. Victoria hakuipenda hata siku moja. Kwake yeye yalikuwa makelele ya watu wengi wanaogombana bila kutukanana. Lakini jina alikuwa amelisikia miaka yote ya ndoa, akaenda nalo kwa Abubakary, mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye flashi Mtaa wa Mchikichi.

Abubakary akamwambia haina shida, Bongo hakuna wimbo usiopatikana. Jumapili Victoria akaichomeka flashi kwenye redio. Simfonia hiyo inaanza chini sana, kwa sauti nzito moja inayojikongoja, lazima utege sikio. Elimringi akatega. Mara, juu ya ile sauti, likapasuka koo la mtu: "Abuu Mziki Mnene, Mchikichi, tupo wazi kila siku!" Elimringi akanyanyuka, akazima redio, akaenda kusimama dirishani. Victoria akaichomoa flashi kwa ncha za vidole. Alikuwa amemletea mumewe taka nyingine.

Kesho yake alikwenda kumsema Abubakary mbele ya wateja. Abubakary akajitetea kwamba ule ni mhuri wa duka. Asipouweka, wenzake watamwibia nyimbo. Kumbe naye wimbo wenyewe alikuwa ameuchukua bure mtandaoni, na hilo likazidi kumkera Victoria. Kisha Abubakary akamuuliza mama anataka ipi hasa, maana ziko nyingi. Victoria hakuelewa. Ya sita ni ya sita, inakuwaje nyingi? Alidhani ni kama nyimbo za kwaya, aliyerekodi ndiye mwenye nazo. Abubakary akamgeuzia kioo cha kompyuta. Walikuwepo Wajerumani, Wamarekani, Wajapani, na Warusi wa kila umri, kila kundi na kiongozi wake mwenye kifimbo, na wote wanapiga kitu kile kile.

Ikabidi asikilize mwenyewe. Hedifoni za Abubakary zilikuwa na nta ya masikio ya Kariakoo nzima. Alizisugua kwa spiriti, na bado alizivaa amekunja uso. Akachagua kama anavyochagua vifungo, iliyo safi, inayong'aa, isiyo na doa. Jumapili Elimringi alisikiliza kidogo akasema, "Hawa wanawahi basi." Jumapili iliyofuata akamletea nyingine, laini kuliko ya kwanza. "Hawa wameshiba," akasema, na akaizima. Yalikuwa maneno ya kukataa, lakini angalau yalikuwa maneno, na Victoria akarudi Mchikichi.

Akiwa pale na zile hedifoni, wazo likamjia. Santuri za mumewe alizichukia tangu ujana, hata kabla hazijaguswa na tope. Basi kinyaa chake kilikuwa kinaikumbuka sauti ile vizuri kuliko masikio yake. Akaacha kutafuta nzuri, akatafuta itakayomchukiza. Alizipitia moja moja mpaka akafika kwenye ya zamani ya Warusi wenyewe, na uso ukamkunjamana bila kuuambia. Ilichakarisha kama mafuta ya kukaangia. Mtu alikohoa ndani yake, kikohozi chenye makohozi. Tarumbeta zilipopanda zilitetemeka kama sauti ya mlevi msibani, wala hazikuona haya. Alimwambia Abubakary kwamba hii ni mbaya kabisa, amwekee hiyo, na mhuri wake abaki nao.

Jumapili akapika wali na samaki, akaiwasha bila kusema lolote. Elimringi alikuwa anasoma gazeti. Tarumbeta zilipotetemeka mara ya kwanza, gazeti lilishuka magotini, na halikupanda tena. Ikapita sehemu ya kwanza, ikapita ya pili. Ikaja ya tatu, ile ya kukimbia, yenye ngoma na matoazi, inayopanda mpaka inamalizia kwa kishindo. Hiyo Victoria aliijua. Miaka yote, kishindo kile kikishapiga, yeye huita, na Elimringi huinua sindano ya gramafoni akaja mezani. Kishindo kikapiga, Victoria akasimama.

"Baba Elibariki, chakula tayari."

"Kaa," akasema Elimringi. "Bado."

Kikaja kitu ambacho Victoria hakuwahi kukisikia. Fidla zilianza kushuka, zikajaribu kupanda, zikashuka tena. Kilikuwa kilio cha mtu mzima, cha wazi, cha kamasi bila leso, na alichukia kukisikia. Alitaka kukimbilia jikoni. Lakini Elimringi alikuwa analia vile vile, na hakujifuta, kwa hiyo akabaki. Sauti ikapungua, ikapungua, mpaka hakujua imekwisha saa ngapi. Chini barabarani basi la mwendokasi likapita.

Alizifikiria Jumapili zote zile, akasikia kinyaa kibaya kuliko cha tope, na safari hii kilikuwa juu yake mwenyewe.

"Mbona hukuniambia kwamba ilikuwa haijaisha?"

Elimringi akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu Jangwani akamtazama kweli.

"Ungekaa, Mama Elibariki?"

Asingekaa. Wote wawili walilijua hilo. Mezani mchuzi ulikuwa umeanza kuganda, utando wa mafuta umetanda juu ya samaki.

"Irudishe pale ulipokuwa unazima," akasema Victoria.

"Chakula kitapoa."

"Kipoe," akasema Victoria, akavuta kiti.