Mkono wa Nkambo

Mama yangu hajawahi kumpa binti yangu kitu kwa mkono wake. Si ndizi, si kipande cha mkate, si maji. Akinunua karanga barabarani huzileta zimefungwa kwenye karatasi, huziweka mezani, kisha huniita mimi nitoke jikoni nije kumpa mtoto ambaye amesimama mbele ya magoti yake. Mtoto ana miaka miwili, anamwita nkambo kama watoto wote wa huku wanavyowaita bibi zao, na hajui kwamba nkambo wa wenzake hawafanyi hivyo. Mimi najua, na jambo hili linanichosha hadi natamani kupiga kelele.

Wala si uchoyo. Mama huyuhuyu alitulea sote katika nyumba anayoishi hadi leo mtaani Kapata, moja kati ya zile nyumba zilizopangwa safu safu ambazo kampuni ya madini iliwajengea wafanyakazi wake, na mtoto yeyote wa jirani aliyepita saa ya chakula alinawa mikono akala nasi. Mimi alinisuka nywele kila Jumamosi mpaka nikaolewa. Binti yangu hamsuki. Anasema macho yake yamechoka. Uongo mtupu! Macho hayo hayo huokota kijiwe kidogo kabisa kwenye maharage. Hasuki kwa sababu ukimsuka mtoto, nywele zake zinabaki vidoleni mwako, na mtu anaweza kupita akaziona.

Niseme waziwazi: mama yangu anaogopa kuitwa mlozi. Huku kwetu mwanamke akishazeeka, akafiwa na mume, akabaki peke yake ndani ya nyumba, kinachosubiriwa ni mtoto fulani kuugua tu, basi jina la mchawi limeshapata mwenyewe. Ndiyo maana hafagii uwanja kabla jua halijatoka. Havai nguo nyekundu. Hamwambii mzazi kwamba mtoto wake amenenepa. Umeme ukikatika, na hukatika unavyotaka ingawa bwawa la umeme la Nzilo liko hapo karibu, yeye hubeba kiti na taa hadi mlangoni ili wapita njia wamwone ametulia nyumbani kwake. Moshi wa makaa humwachia macho mekundu, na macho mekundu ya mwanamke mzee husomwa vibaya, kwa hiyo kila nikimuuliza nimletee nini kutoka mjini, jibu ni dawa ya macho. Msibani hulia kwa kipimo. Akilia kidogo watasema amefurahi, akizidisha watasema anajificha nyuma ya machozi. Nimemwona akikipima kilio chake kama mtu anayetia chumvi kwenye chungu cha wengine.

Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Mama hakuumwa, alimwona nyoka akimuuma jirani, na hiyo ilitosha. Katika mtaa wetu alikuwako mama mzee mmoja, rafiki yake wa kwenda naye kanisani. Siku moja alimpa mtoto wa nyumba ya pili kiazi cha kuchoma. Wiki hiyohiyo mtoto akafa kwa homa. Ilikuwa malaria, kila mtu alijua, lakini mtu mmoja wa maombi alisema ameona mkono wa mwanamke mzee, na watu wakaacha kujua walichokijua. Vijana walirusha mawe juu ya bati lake mchana kutwa, hadi mwanawe akaja na lori, akampakia pamoja na godoro lake, akampeleka kwao huko njia ya Musumba. Ile ni barabara ambayo ikiharibika hata habari hazipiti. Za yule mama hazijapita mpaka leo.

Mama aliyatazama yote kutoka dirishani na hakutoka. Kile kiazi alikuwa amekiona kikitolewa kwenye makaa, kikamenywa, kikapulizwa. Aliniambia mara moja tu kwamba kilikuwa kiazi, basi.

Ningeendelea kuyavumilia haya kama si kazi. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa mjini. Msichana aliyekuwa ananitunzia mtoto aliniacha akafuata wenzake kuosha madini, nami sikuwa na pengine pa kumpeleka mtoto isipokuwa kwa mama. Alikubali kwa furaha, tena alimtandikia mkeka. Nikaacha uji kwenye chupa, na bukari, yaani ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo kwenye sahani iliyofunikwa, nikaenda zangu kufundisha.

Niliporudi mchana nilimsikia mtoto akilia tangu njiani. Chakula kilikuwa mezani, kimefunikwa vilevile nilivyokiacha. Mama alikuwa kwenye kiti chake, mikono ameificha ndani ya kikwembe alichojifunga.

"Mama, juu ya nini hajakula?"

"Chakula iko pale. Mi nilikuwa nakungoya weye."

"Tangu asubuhi?"

"Niliita mama wa pembeni akuje amukulishe. Alikuwa amekwenda ku soko."

"Weye uko na mikono, mama! Huyu si mujukulu wako?"

Aligeuka kwanza kutazama dirishani, kama kuna mtu amesikia sauti yangu. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira kabisa.

"Njo maana," alisema polepole. "Eko mujukulu wangu. Njo yeye wa kwanza batasema nilimukula."

Nilimlisha mtoto kwa hasira, matonge makubwa makubwa, hadi akakohoa. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia yule mtu wa maombi, nikayakasirikia malori ya madini yanayotumwagia vumbi kwenye sahani. Wiki nzima nilimlipa mama wa pembeni kwa sabuni ili avuke ua na kumlisha mtoto wangu, huku nkambo yake wa damu akiwa amekaa palepale akiangalia.

Mimi pia huandika hadithi, hizi tunazosomeana sisi wachache parokiani. Kwa muda mrefu nilikuwa najaribu kuandika juu ya mama mzee mwoga, na kila mara alinishinda. Mzee wangu wa kwenye karatasi alitetemeka, akajifungia ndani, akaota ndoto mbaya. Nikisoma naona upuuzi. Mama yangu hatetemeki. Uoga wake umepigwa pasi na kukunjwa vizuri, mgeni anaweza kukaa naye siku nzima akaondoka akisema ni mama mwenye heshima.

Basi Jumamosi ile niliamua kumponya kwa nguvu. Niliandika mama mzee anayetoka nje mchana, akakaa uwanjani mbele ya majirani wote, akabambua karanga moja moja na kuzitia katika kiganja cha mjukuu wake. Mjukuu anakula, mama mzee anacheka, hadithi imekwisha. Niliandika ili imwume, sifichi.

Jumapili baada ya misa nilimsomea, tumekaa kwenye kivuli cha ukuta. Mtoto alikuwa miguuni pake. Karatasi ya karanga, ambayo mama alikuwa ameinunua njiani, ilikuwa juu ya kigoda. Nilipofika mwisho alitoa mkono mmoja nje ya kikwembe.

"Ngoya. Kesho yake, ule mutoto aliamuka?"

"Hadithi inaishia pale, mama. Anamupa kalanga, njo mwisho."

"Haiwezi kuishia pale. Unamuacha ule mama muzee na usiku muzima. Weye unafunga kitabu, unaenda kulala. Yeye anabakia tu anasikiliza kama batu banakuja." Akaonyesha kwa kidole juu kabisa ya ukurasa wangu. "Andika mbele kama mutoto aliamuka muzima. Kiisha amupe."

"Siku haziendeke vile, mama. Asubuhi inakuya kiisha usiku."

"Najua," alisema. "Njo maana mi simupi."

Nilitaka kubishana. Nimezoea kubishana, ni kazi yangu. Lakini nilichukua kalamu, na juu kabisa ya ukurasa, kabla ya uwanja na majirani, nikaandika kwamba kesho yake mtoto aliamka mzima, akaomba uji, akakimbia nje bila viatu. Nikasoma tena toka mwanzo. Mama alisikiliza akichezesha midomo, na nilipofika kwenye kiganja alitikisa kichwa kukubali.

"Sasa anaweza kumupa," alisema, na uso wake ukalegea. Nilikuwa sijauona hivyo tangu baba afe.

Mtoto, ambaye alikuwa amesikia neno kalanga mara nyingi bila kuziona, alishika goti la nkambo yake na kufungua mdomo. Mama alimtazama. Mkono ukarudi ndani ya kikwembe.

"Simama, mwana wangu," aliniambia. "Umupatie mutoto kalanga yake."

Nikasimama, nikampa.