Kiti cha Karibu na Ngazi za Jukwaa

Ukitaka kulifaidi onyesho la maigizo, kula kwanza. Nimeona mara nyingi mtu amelipa kiingilio, halafu kichekesho kizuri kinampita akiwa nje anagombania mihogo ya kukaanga. Usikae nyuma ya akina mama waliofunga vilemba, utatazama vilemba. Na mtu aliyekwisha kuliona onyesho mkimbie kabisa, maana atacheka kabla ya wenzake na kukuharibia.

Hayo nilijifunza Ifakara miaka ya tisini, vikundi vya sanaa vilipokuja kiangazi, mpunga umeshauzwa na kila mtu ana chochote mfukoni. Walianza na ngoma, ikafuata sarakasi, kisha mchezo wenyewe. Kwetu mtazamaji akipendezwa alipanda jukwaani kumtuza msanii noti, khanga, hata kuku mzimamzima, na hakuna aliyemzuia. Ndiyo maana nilipenda viti vya karibu na ngazi. Hapo unaona nani kamtuza nani, na Jumatatu una la kuzungumza.

Mwaka aliofariki baba, nilimpeleka mama. Tulikuwa tumemaliza matanga, na mdogo wake baba alikuwa amekuja kwa treni kutoka Mlimba kwa jambo moja tu: shamba letu la mpunga la Katindiuka. Alisema ni la ukoo, alichukue yeye. Kikao cha wazee kilipangwa Jumapili baada ya misa. Shamba lile mama alilifyeka pamoja na baba, mimi nikiwa mgongoni, lakini hakuwa mtu wa kubishana na shemeji. Kila alipoulizwa alijibu, "Mtakavyoona ninyi." Niliumia kumsikia.

Jumamosi mchana nikaona heri nimtoe akacheke kidogo. Baba mdogo naye akasema atakuja. Ningekataaje? Nikamkalisha katikati yetu.

Mchezo ulikuwa wa mjane na shemeji yake. Mwigizaji wa shemeji, aliyejifunga mto tumboni awe na kitambi, akaingia akabeba godoro, akarudi akabeba baiskeli. Watu wakavunjika mbavu. Baba mdogo alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha yule mwigizaji akashika jembe la mjane.

Mama akasimama. Akafunga khanga yake vizuri, akapanda ngazi, na vigelegele vikapigwa, watu wakidhani anakwenda kutuza. Akalishika lile jembe mpini.

"Shemeji," alimwambia kwa sauti ileile ya kukaribishia wageni, "godoro chukua. Baiskeli chukua. Jembe niachie. Mimi nitalima na nini?"

Mwigizaji alikuwa fundi. Hakutoka ndani ya mchezo. "Utalima wapi? Hata shamba ni la ukoo."

"Huo ukoo ulikuwa wapi miaka yote tunalala kwenye dungu kulinda mpunga? Mbona nguruwe pori hatukusikia ni wa ukoo?"

Kicheko kikapasuka, kisha kikafa. Nusu ya ukumbi walitufahamu, na walianza kugeukia kiti chetu mmojammoja. Niliona aibu, nikaona furaha, vyote kwa pamoja. Baba mdogo alikuwa anatazama viatu vyake.

Mwigizaji akaliachia jembe. Mama akamkabidhi mjane wa mchezoni, akashuka, akasimama mbele ya baba mdogo.

"Shemeji, kesho jibu langu ndilo hilo hilo. Nisamehe kwa kukuambia mbele za watu."

Kisha akaketi akatazama mchezo mpaka mwisho, na mara mbili nilimsikia akicheka.

Jumapili kikao kilikaa uani kwetu. Wazee walikunywa chai, wakaulizana habari za mvua, hatimaye wakamgeukia baba mdogo aseme lililomtoa Mlimba. Akakohoa kidogo. Akasema alikuja kutusalimu tu.