Vidole Vinne vya Usukani wa Babu

Mlio wenyewe ni mdogo: ko, ko, kama mtu anayebisha hodi huku akiomba asisikike. Niliusikia juzi hapa Kalangalala, nilipotikisa usukani wa pikapu niliyokuwa napatana bei yake. Muuzaji alikohoa ili aufunike. Nikamwacha akohoe mara mbili, kisha nikautikisa tena. Mimi na mlio ule tunafahamiana tangu nina miaka tisa.

Babu mzaa mama aliishi Masumbwe na pikapu yake kuukuu, iliyonuka grisi, pumba za mpunga na kuku waliowahi kusafiri. Aliiendesha kama anayesonga ugali wa watu kumi: kushoto, kulia, kushoto, ili tu gari liende mbele. Ukimuuliza, alisema barabara ndiyo imepinda. Kwa bahati mbaya, barabara ile ilikuwa imenyooka.

Baba alikuwa fundi magari kwetu Didia. Tulipokwenda kuwasalimu wakwe zake, alipanda pikapu ile kutoka stendi hadi nyumbani, akashuka shati limelowa jasho. Mkwe hamkosoi mkwe wake, sembuse kuingia chini ya gari lake bila kuitwa. Na Babu hakuwa mtu wa kuita. Jumapili, keshokutwa yake, angempeleka Bibi kwenye ubatizo Ushirombo, na majirani wangepanda nyuma. Niliwahesabu waliokwisha kuomba nafasi: kumi na mmoja. Nikarudia: kumi na wawili, mmoja alikuwa mgongoni mwa mama yake.

Asubuhi Baba aliniita kando.

"Ng'wanawane, mwanangu, kapande kwenye gari la Babu yako. Zungusha usukani polepole, uchungulie tairi la mbele. Hesabu usukani unapita upana wa vidole vingapi kabla tairi halijastuka. Halafu kamtanie."

Kumtania Babu ilikuwa haki yangu ya kuzaliwa. Mjukuu humwambia babu yake lolote, naye hujibiwa lolote. Nilihesabu vidole vinne. Nikarudia, vinne. Nikamfuata Babu alikokuwa anakunywa uji.

"Shikamoo Babu. Usukani wako mvivu kuliko wewe. Vinapita vidole vinne ndipo tairi linaamka."

"Marahaba, mke wangu," alijibu, maana ndivyo alivyotuita wajukuu wote wa kike. "Hivyo vidole vyako vyembamba. Kwa vyangu ni viwili."

Tukaenda kupima kwa vyake. Vilitoka vitatu na ukucha. Nikamwambia basi ainame aone kilichoko chini. Akajaribu, kiuno kikakataa. Ndipo alipopaza sauti kumwita Baba, aje amwonyeshe huyu mke wake kuwa ni mwongo. Baba hakuwa mbali. Mikono ya shati alikuwa ameshaikunja.

Akalala chini ya gari, mimi nikawa natikisa usukani, ko, ko. Hakusema alichokiona. Alimwomba tu Babu achuchumae kwenye tairi la kulia na apitishe mkono nyuma yake, kwenye kiungo cha mwisho cha ile fimbo inayolisukuma.

"Shika hapa, Baba," alimwambia mkwe wake. "Wewe ndiye unayelijua gari lako."

Nikatikisa. Kile kiungo, nasikia, kilicheza mkononi mwake kama jino la mtoto. Mimi niliona uso tu, utani ukimtoka.

"Hiki kingechomoka," alisema taratibu.

"Kingechomoka, Baba."

"Na watu wote wale nyuma."

Jumapili Bibi alikwenda Ushirombo kwa pikipiki, akinung'unika kuhusu kitenge chake. Babu alibaki uani akimpasia Baba spana, na mara nyingi alimpasia isiyo yenyewe.

Kwa miaka nilijigamba kuwa nilimshinda Babu. Nilipopata wakwe zangu ndipo nilipoelewa kuwa Baba alisema kwa mdomo wangu. Kumwelewa Babu kulichukua muda zaidi. Mtu aliyeshika usukani mmoja miaka yote ile hahitaji kuhesabiwa vidole na mtoto. Alijua, na alikuwa anaogopa kila safari. Alichokuwa anasubiri ni mtu ambaye kushindwa naye si aibu.